Msomaji Mwenye Jina: Kitabu cha Kiswahili katika Zama za Mitandao ya Kijamii



Nimepewa heshima ya kuzungumza kuhusu fasihi ya Kiswahili, nami nimechagua upande wake ambao idara zetu haziugusi sana, yaani jinsi kitabu kinavyomfikia msomaji. Darasani tunachambua dhamira, muundo na uhusika. Hatuulizi kwa nini riwaya nzuri hutoka kiwandani, ikalala bohari miaka na miaka, hadi mwandishi wake akaitwa aje kuchukua nakala zilizobaki. Dai langu jioni hii ni kwamba mitandao ya kijamii inaweza kuutibu ugonjwa huo, kwa sharti moja ambalo waandishi wengi wanalikwepa: mwandishi aache kuhesabu wafuasi, aanze kuwajua wasomaji wake mmoja mmoja.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Kwa muda mrefu kitabu cha Kiswahili kimeishi kwa kuitegemea shule. Mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam hutazama kwanza kama riwaya inaweza kuteuliwa kutahiniwa. Ikiteuliwa, kama ilivyoteuliwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei na baadaye Nguu za Jadi ya Clara Momanyi nchini Kenya, itauzwa kwa wingi hata kama hakuna aliyeitangaza. Isipoteuliwa, inakuwa mzigo. Duka la vitabu la mtaani nalo liliishi hivyo hivyo: faida ya vitabu vya kiada ndiyo iliyolipa pango, na riwaya na diwani zikapata nafasi rafuni kwa hisani ya vitabu vya hesabu na sayansi. Kenya ilipoanza mwaka 2018 kupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, na Tanzania ilipoirejeshea Taasisi ya Elimu kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, hisani hiyo ilikwisha. Sina ugomvi na serikali inayotaka kila mtoto awe na kitabu. Nataja tu kilichofuata: wauza vitabu wengi waligeukia madaftari, kalamu na fotokopi. Kenya ilikuwa tayari imeweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya vitabu tangu 2013, na mzigo huo ukamwangukia msomaji.

Pamoja na hayo, watu wanasoma. Anayesema Waswahili hawasomi aingie kwenye kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp ambako simulizi hutolewa kipande kwa kipande kila jioni, na kila kipande kikakomea kwenye neno "itaendelea". Mwandishi akichelewa kidogo, komenti zinamiminika kumwuliza kulikoni. Wanaouliza ni wauza maduka, makonda, wauguzi wa zamu ya usiku, wanafunzi, akina mama waliokwisha kulaza watoto. Wanamaliza hadithi ndefu kuliko riwaya nyingi tunazozifundisha hapa, tena kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Utaratibu wa malipo pia wameubuni wenyewe: sehemu za mwanzo bure, kisha anayetaka kujua mwisho hutuma shilingi elfu moja au mbili kwa simu, akaingizwa kwenye kundi la wanunuzi. Zipo hadithi dhaifu humo, na zipo zilizoandikwa kwa haraka mno. Lakini uhusiano ulioko baina ya mwandishi na msomaji katika makundi hayo ni hai kuliko wowote nilioushuhudia katika hafla zetu za uzinduzi, ambako mgeni rasmi hukata utepe, hupiga picha na kuondoka bila kununua nakala.

Uhusiano huo si mgeni kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambamo malenga wa mji mmoja aliuliza swali kwa beti, wa mji mwingine akajibu katika toleo lililofuata, na wasomaji wakamngojea wa tatu aingilie kati. Shaaban Robert alikuwa akisomwa na kujulikana humo kabla vitabu vyake havijaenea. Baadaye mwandishi Ben Mtobwa, aliyetupa mpelelezi wa riwayani Joram Kiango, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya Heko ili asikae kumngojea mchapishaji. Eric Shigongo naye alijenga hadhira kubwa kwa simulizi za mfululizo katika magazeti ya Global Publishers, kisha akazikusanya kuwa vitabu. Wote hao walijua jambo ambalo chuo kikuu kililisahau: msomaji wa Kiswahili anapenda kujibu. Ukimpa nafasi ya kujibu, habanduki.

Sasa tuitazame mitandao yenyewe inavyofanya kazi, maana hapa ndipo jitihada nyingi zinapopotea. Facebook, Instagram na TikTok hazimwonyeshi kila mfuasi kile unachoposti. Mtambo wao huwapa wachache kwanza, ukapima nani alitulia akasoma, nani alijibu, nani alimtumia mwenzake, ndipo uamue kama uendelee kusambaza. Picha ya jalada yenye maneno "Kitabu kipo sokoni, wahi nakala yako" haijibiwi na mtu, kwa hiyo inazimika siku hiyo hiyo. Chukueni badala yake Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Uliza: nani mwenye kubeba lawama ya kifo cha Rosa, baba yake Zakaria, shule, au wanaume waliomchezea? Swali hilo limegombaniwa na wasomaji kwa zaidi ya miaka hamsini na halijaisha makali. Mwandishi wa leo naye ana swali la namna hiyo ndani ya kitabu chake. Kama hana, shida yake haianzii kwenye mtandao. Alitoe swali hilo nje, awaache watu wabishane, na yeye ajibu kwa adabu kila aliyejitahidi kuandika. Kitabu kitatajwa na wabishani wenyewe.

Kuna mfano wa ng'ambo unaotajwa mno, nami nautaja kwa sababu unaeleweka vibaya. Riwaya ya Colleen Hoover, It Ends with Us, ilitoka Marekani mwaka 2016. Miaka kama mitano baadaye wasomaji vijana kwenye TikTok, katika kona waliyoiita BookTok, walianza kujirekodi wakiisoma na kulia, na kitabu cha zamani kikapanda hadi kileleni mwa orodha ya mauzo ya New York Times. Waandishi wetu wakisikia habari hiyo hununua taa na kuanza kurekodi video. Mambo mawili yanawapita. La kwanza, waliolia mbele ya kamera walikuwa wasomaji, na ushuhuda wa msomaji una uzito ambao mwandishi hawezi kujipa mwenyewe. La pili, aliyeitazama video ile alikuta kitabu dukani au akakiagiza kikaletwa mlangoni. Kwetu, msomaji wa Songea au wa Lodwar akivutiwa na video saa tatu usiku, kesho yake hajui aende wapi.

Hapo ndipo kazi halisi ilipo, na haina fahari yoyote. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuvuka hadi Tanzania mwaka uliofuata, malipo si kikwazo tena. Usafiri upo: kifurushi kinapanda basi jioni na kufika mkoani asubuhi, na ndani ya jiji bodaboda anakifikisha. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha mambo haya. Kila andiko kuhusu kitabu litaje bei, nauli ya kifurushi, namba ya kulipia na siku kitakapofika. Tabia ya kuficha bei na kumwambia mtu aje inboksi inawafukuza wanunuzi. Msomaji anaona anategwa, anapita. Na aliyelipa akijibiwa baada ya siku tatu, hatarudi, wala jirani yake hatathubutu.

Nafika sasa kwenye kiini cha hoja yangu. Facebook na TikTok zinafaa kukutana na mtu kwa mara ya kwanza. WhatsApp inafaa kubaki naye. Kundi moja la WhatsApp hupokea watu 1,024, na idadi hiyo inamtosha mwandishi kwa muda mrefu. Zingatieni pia jinsi WhatsApp ilivyoundwa: ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi huona hilo ni kero. Mimi naliona kuwa kipimo cha haki, kwa sababu aliyehifadhi namba ya mwandishi ameamua kwa hiari yake kuwa msomaji. Kila anayenunua nakala aandikwe kwenye daftari, kwa ruhusa yake: jina, namba, mji, kitabu alichonunua. Baada ya wiki tatu aulizwe amefika wapi. Akishamaliza aombwe arekodi maoni yake kwa sauti, kwa Kiswahili anachozungumza kwao, kiwe cha Bukavu, Lamu au Maskati. Kitabu cha pili kikitoka, watu hao ndio wa kwanza kujulishwa, na wengi watalipia kabla hakijachapwa. Fedha hizo zinaweza kulipa sehemu ya gharama ya kiwanda. Mwandishi mwenye wasomaji mia tatu anaowafahamu amesimama imara kuliko mwenye wafuasi elfu hamsini walioletwa na vichekesho.

Niongeze neno juu ya sauti. Fasihi yetu iliimbwa na kughaniwa karne nyingi kabla ya kusomwa kimyakimya, na simu imeturudishia nafasi hiyo. Shairi lililosomwa na mtunzi wake kwa dakika moja husafiri kutoka kundi hadi kundi, na halili bando kama video.

Bando si jambo dogo. Wasomaji wetu wengi hununua intaneti ya siku au ya wiki, na wengine hununua kifurushi cha WhatsApp peke yake. Anayeweka kila kitu kwenye video ndefu amekwisha kuwafungia mlango hao.

Kuna suala la PDF, na hapa sitapunguza ukali. Kuchukua kitabu cha mtu, kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukisambaza kwenye makundi ni wizi, hata kikisambazwa na mwalimu kwa nia ya kuwasaidia wanafunzi. Wasimamizi wa makundi wanao uwezo wa kufuta na kuonya, na wautumie. Wakati huo huo nawaomba wachapishaji watafakari kwa nini watu huomba PDF. Mara nyingi anayeomba yuko mahali ambapo kitabu hakipatikani kwa bei yoyote. Toleo halali la kusomea kwenye simu, kwa bei ya sahani ya chakula, lingewaokoa wengi na kishawishi hicho, hasa Waswahili wa Ulaya, Marekani na Ghuba, ambao gharama ya posta hupita bei ya kitabu chenyewe.

Ipo tahadhari nyingine: mitandao si mali yetu. Aliyejenga hadhira yake yote kwenye ukurasa mmoja amejenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu. Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii Julai 2018, na Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchini humo. Tanzania ilifunga mtandao wa X Mei 2025. Mwandishi aliyekuwa na daftari la namba za wasomaji wake alipata hasara ndogo siku hizo. Aliyekuwa na wafuasi tu alibaki na picha za skrini.

Mtaniuliza mwandishi ataandika lini, kama mchana wote anajibu ujumbe na kufunga vifurushi. Swali ni la haki, na jibu langu linawahusu wachapishaji waliokaa safu ya mbele. Kazi hii ni yenu. Mrabaha mnaomlipa mwandishi ni sehemu ndogo ya bei ya kitabu. Sehemu kubwa mnabaki nayo ili mhariri, mchape, mtangaze na msambaze. Chukueni mfano huu: Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi Oktoba 2021, jina lake lilienea katika kila mtandao wa Afrika Mashariki. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na nawapongeza kwa dhati. Hata hivyo riwaya hiyo ilikuwa imetoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Watu wanapozungumza juu ya kitabu, kitabu kiwepo. Ajirini mtu mmoja katika kila kampuni ambaye kazi yake ni kujibu wasomaji, kutunza orodha yao, na kumweleza mhariri wanasema nini. Mshahara wake utarudi haraka kuliko gharama ya kulipia bohari.

Kwa chuo hiki nina ombi moja, nalo nalitoa mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo: somo la uchapishaji na wasomaji liingizwe katika shahada ya fasihi, na mwanafunzi apewe kitabu kimoja cha Kiswahili kilicholala bohari, akitafutie wasomaji kwa muhula mzima. Nanyi waandishi mliomo ukumbini, kila mmoja wenu ana watu waliosoma kitabu chake cha kwanza na hawajasikia neno kutoka kwake tangu wakinunue. Waandikieni wiki hii.