Waasi au Wakombozi?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipokuwa kidato cha tatu tulifanya mdahalo humu humu bwaloni juu ya vita vya Biafra. Nilisimama kwa majivuno nikasema, "Wale walikuwa waasi tu!" Nikapigiwa makofi. Mwalimu wetu wa historia akaniuliza swali moja: "Neno hilo umelipata kwa nani?" Nikaketi bila jibu.

Tarehe 30 Mei 1967 Kanali Ojukwu alitangaza kwamba Jimbo la Mashariki la Nigeria limekuwa Jamhuri ya Biafra. Serikali ya Lagos iliuita huo uasi. Vita vilipoanza Julai, ikaviita kazi ya polisi, kana kwamba anasakwa mwizi. Wenyewe Biafra walisema huo ni uhuru na kujihami, kwani mwaka 1966 Waibo kwa maelfu walikuwa wameuawa huko Kaskazini. Huku wakisema "umoja", huku wakisema "uhai", watoto walikufa kwa njaa.

Na sisi je? Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, Waafrika wengi walimwita Tshombe kibaraka. Mwaka 1964, mjini Cairo, nchi yetu iliunga mkono azimio la OAU la kuheshimu mipaka tuliyoirithi. Lakini tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Mwalimu Nyerere alieleza kuwa umoja hujengwa kwa ridhaa ya watu, na kwamba dola isiyowapa raia usalama haiwezi kuwadai utii. Nigeria ikavunja uhusiano nasi.

Vita vilipokwisha Januari 1970, Jenerali Gowon alitangaza kuwa hakuna mshindi wala mshindwa. Waliokuwa waasi jana wakaitwa tena ndugu. Watu ni walewale. Lililobadilika ni jina.

Vijana, mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni kuandika taarifa. Siwaambii kila anayejitenga ana haki, wala kwamba kila mpaka ni mtakatifu. Nasema, kabla hujaliazima jina, uliza nani amelitoa na watu wametendwa nini. Jina huja na hukumu yake, na anayelitamka amekwisha hukumu.

Mwalimu wangu, nimechelewa, lakini hilo ndilo jibu langu.