KIONGOZI WA KAZINI HUFUNZWA
Hotuba kwa wanachama na wafanyakazi waliokutana katika ofisi ya tawi letu



Jambo tulilowaitia ni moja: nani atakuwa msimamizi wetu kazini, na nani atamfundisha kusimamia?

Desturi tuliyoizoea ni hii. Fundi akiwa hodari wa mashine huitwa ofisini, hupewa barua, na kesho yake amekuwa mkubwa wa watu. Hapana aliyemwonyesha jinsi ya kugawa kazi, kusikiliza ugomvi, wala kusoma hesabu ya mwezi. Haupiti muda, twaanza kumlaumu kuwa ni mkali au mzembe. Kiwanda kimepoteza fundi mzuri, na msimamizi hakikumpata.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twajua kwamba kuijua hesabu ni jambo moja, na kumfundisha mtoto hesabu ni jambo jingine. Ndiyo maana mwanachuo hapewi darasa lake mpaka amefanya mazoezi mbele ya mwalimu mzoefu. Je, watu wazima wana thamani ndogo kuliko watoto, hata wakabidhiwe kwa mtu asiyefunzwa?

Nchi yetu imekwisha kulipia somo hili. Tarehe 6 Februari, 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa. Mali ilibadili mikono kwa siku moja, lakini meneja hatengenezwi kwa siku moja. Maofisa wengi wa kigeni waliondoka, na wenyeji walioachiwa vitabu iliwapasa kujifunza kazi huku wakiifanya. Twawasifu kwa moyo wao, lakini taifa lisifanye bahati kuwa mpango.

Mwaka 1970 Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika fungu la 15, ulimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Haukupita muda mrefu, wafanyakazi wa viwanda kadhaa Dar es Salaam wakaweka zana chini, na pengine wakawafungia mameneja nje ya lango. Mara nyingi ugomvi haukuwa wa mshahara. Ulikuwa wa matusi na dharau. Ndugu zetu hao walidai heshima, na heshima walistahili.

Lakini tuchimbe zaidi. Kumkataza meneja dharau si sawa na kumfundisha kuongoza. Na kumpa mfanyakazi kiti barazani si sawa na kumpa uwezo wa kuhoji mapato na matumizi. Asiyejua kusoma hesabu hukaa barazani kama mgeni arusini: hula alichopewa, akaondoka.

Vyuo tunavyo. Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961, leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na Chuo Kikuu mwaka 2001. Hata hivyo si kila msimamizi wa karakana atapelekwa Mzumbe. Kwa hiyo mahali pa kazi penyewe hapana budi pawe shule.

Basi yatupasa kudai mambo matatu.

Kwanza, anayetarajiwa kupewa usimamizi awe msaidizi wa mzoefu kwa miezi kadhaa, kazi zake zikiwa zimeandikwa, ndipo apewe cheo. Na wanawake wafikiriwe sawasawa na wanaume. Yatuonea haya kuona idara iliyojaa akina mama, na msimamizi siku zote ni mwanamume.

Pili, uwepo mkutano mfupi kila juma, kabla ya kazi kuanza. Msimamizi aeleze mpango, na wafanyakazi waseme pasipo kutishwa. Mwenye kosa aonywe faraghani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka sababu ya haki na utaratibu wa haki kabla ya mtu kuachishwa. Msimamizi anayefukuza watu kwa hasira humpeleka mwajiri wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hasara huwa ya wote.

Tatu, wajumbe wetu wafundishwe hesabu. Hapa hatutamngoja mwajiri. Walimu tulio wanachama tutafundisha katika ofisi hii kila Jumamosi jioni, bila malipo. Kila idara ilete majina mawili.

Neno la mwisho ni letu wenyewe. Tusichague mjumbe kwa kuwa ni wa kabila letu, au kwa kuwa hutununulia chai. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kiongozi asiyefunzwa kabla ya cheo naye hufunzwa na ulimwengu, lakini ada ya shule hiyo twailipa sisi: kwa mashine zilizovunjika, kwa mshahara uliochelewa, na kwa wenzetu waliofukuzwa bure.

Majina yaletwe kabla ya Jumamosi.

Uhuru na Kazi!