Udongo Nao ni Shahidi: Fundisho la Kondoa



Nimeombwa niseme nanyi juu ya ardhi na haki. Sote tunaifahamu habari ya Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi alipoteza shamba la urithi, na uhai wake pia, kwa sababu walisimamishwa mashahidi wa uongo na hakuna aliyetaka kuujua ukweli. Leo napenda tumsikilize shahidi mwingine asiyeweza kuhongwa, nao ni udongo wenyewe.

Twendeni Kondoa, mkoani Dodoma, katika vilima vya Irangi. Miteremko ya huko imekatwa na makorongo makubwa, na mchanga umefunika mabonde. Tangu enzi za mkoloni, wakubwa waliotazama makorongo hayo walitoa hukumu upesi: mkosaji ni mkulima mwenye jembe na mfugaji mwenye mbuzi. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa kwa kifupi HADO. Mwaka 1979 iliamriwa kwamba ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondolewe katika eneo lililoharibika, lenye kilomita za mraba 1,256.

Baadaye wataalamu wa udongo walichunguza tabaka za udongo uliosombwa na maji na kutua chini ya miteremko. Walitaka kujua udongo huo ulisombwa lini. Njia waliyotumia inastahili kuelezwa. Chembe ya mchanga ikifukiwa gizani hukusanya nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili iliyomo ardhini. Ikipigwa tena na jua, nishati hiyo hufutika. Kwa hiyo mtaalamu huchukua mchanga bila kuuonyesha mwanga, akaupeleka maabara, akapima nishati iliyokusanyika, na hivyo akakadiria ni miaka mingapi imepita tangu chembe hizo zilipoliona jua kwa mara ya mwisho.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 yalionyesha vipindi viwili vya mmomonyoko mkubwa. Cha kwanza kilikuwa kati ya miaka 14,500 na 11,400 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na jembe wala zizi katika vilima hivyo. Tabianchi ilikuwa ikibadilika kutoka ukame kwenda mvua nyingi, na mvua ilipiga ardhi ambayo bado haikuwa na mimea ya kutosha kuikinga. Kipindi cha pili kilianza yapata miaka 900 iliyopita, nacho wataalamu wanakihusisha na binadamu aliyefyeka misitu apate mahali pa kulima na kufuga.

Ndugu zangu, ushahidi huo unatufundisha mambo mawili, wala tusichague lile linalotupendeza tu. La kwanza: ardhi ile ni dhaifu kwa asili yake, na majeraha yake mengine ni ya kale sana. Haikuwa haki kuutwika mzigo wote kizazi kimoja cha wakulima maskini, kana kwamba wao ndio walioyachimba makorongo yote. La pili: mkono wa binadamu nao umo. Hatuwezi kunawa mikono na kusema ni kazi ya mvua.

Tukumbuke pia yaliyofuata amri ya mwaka 1979. Majani na miti viliota tena, na mmomonyoko ukapungua. Hilo ni jema, nasi tulikiri. Lakini nani alilipa gharama? Familia zilikosa maziwa na samadi, na wengine walilazimika kupeleka mifugo yao mbali kwa jamaa na marafiki. Ilipita miaka kumi, hadi 1989, ndipo ulipoanza mpango wa kufuga ng'ombe wa maziwa kwa kuwalisha zizini. Njia hiyo iliwezekana. Laiti ingalitafutwa mapema, pamoja na wananchi wenyewe!

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitenganiki. Kondoa inatuonyesha maana yake. Anayeiponya ardhi kwa kumsahau maskini amefanya nusu ya kazi. Na anayemtetea maskini huku akiacha shamba lake liende na maji, naye vilevile.

Basi, katika jumuiya zetu ndogo ndogo tufanye haya. Panapotokea mgogoro wa ardhi, au amri ya kuwahamisha watu kwa jina la hifadhi, viongozi wa walei waulize kwanza: ushahidi uko wapi, nani amesikilizwa, na nani atabeba gharama? Na katika mashamba yetu, pamoja na shamba la parokia, tulime kwa kukinga mteremko, tuchimbe makingamaji, tupande majani ya kushika udongo. Katika Kitabu cha Mwanzo Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Amri hiyo inatuhusu sisi pia.

Mungu awabariki.