Kisiki Kisiachwe Kife

(Mazungumzo na wanachama na wakulima wa Kibaha na Kisarawe)



Leo hatukuja kuzungumza habari za mbali. Tumekuja kuzungumza habari ya kisiki. Kila mmoja wetu anakijua kisiki. Amejikwaa juu yake akienda shamba. Lakini ni wangapi kati yetu wanaokitazama kisiki na kuona mali?

Sisi watu wa Kibaha na Kisarawe tumekaa mlangoni pa mji mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5. Watu hao wanakula kila siku, na chakula hakiivi kwa maneno. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania hutumia mkaa upatao tani milioni 1 kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake huishia Dar es Salaam. Mkaa huo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwetu: Ruvu Kaskazini, Ruvu Kusini, Pugu na Kazimzumbwi. Wazee wanakumbuka msitu ulipokuwa karibu na nyumba. Leo mchomaji hulala porini siku nyingi akitafuta mti wa kujaza tanuri lake.

Hatusemi haya ili kumlaumu mchomaji mkaa. Mchomaji ni ndugu yetu. Ana watoto wa kusomesha, na mihogo yake ikikosa mvua hana pengine pa kukimbilia. Tena faida kubwa haibaki kwake. Humfuata mwenye lori na mwenye ghala. Lakini ukweli lazima usemwe. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 5 mpaka 10 za kuni kavu ili kutoa kilo 1 ya mkaa. Mtu akikata bila mpango, kisha akachoma kwa hasara ya namna hiyo, anauza urithi wa wanawe kwa bei ya gunia.

Wengine watasema, "Mkaa upigwe marufuku, yaishe." Jambo hilo lilijaribiwa. Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku mkaa. Bei ikapanda, wananchi wakataabika, na baada ya muda mfupi amri ikalegezwa. Wengine watasema, "Gesi inakuja." Ni kweli, na tunaifurahia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lakini hata lengo hilo likitimia lote, mtu 1 katika kila 5 atabaki na kuni na mkaa. Nani atamlisha kuni huyo? Ama msitu wa asili, ama shamba la miti. Njia ya tatu hatuioni.

Basi turudi kwenye kisiki. Huko Uswidi wakulima hupanda mwerebi, ule mti wa vijitoni uliotajwa katika Biblia. Huukata kila baada ya miaka mitatu au minne, wakauacha uchipue tena, na kuni zake hupasha joto nyumba za miji. Shina moja huvunwa kwa miaka zaidi ya 20 bila kupandwa upya. Sisi hatuhitaji mwerebi. Tunao mjohoro na mkaratusi, ambayo hukatwa ikachipua, na miti yetu mingi ya miombo nayo huchipua kisikini.

Wala si ndoto. Wilayani Kilosa, kati ya 2012 na 2019, vijiji viligawa msitu wao vipande vya meta 50 kwa 50, vikakata kipande kimoja na kuacha cha jirani, na kila kilichokatwa kikapewa miaka 24 kuchipua na kukua. Ushuru ulibaki kijijini, nao ukasaidia kazi za maendeleo. Huko Dodoma wakulima wanatunza machipukizi mashambani mwao, na kazi hiyo wameiita Kisiki Hai. Wenzetu hao wana nini tusichokuwa nacho?

Kazi yenyewe haina uchawi. Kata mti wakati wa kiangazi, kwa shoka au msumeno mkali, karibu na ardhi, na mkato uwe wa mshazari ili maji yasisimame juu yake. Usichimbe mizizi. Tanuri usilijenge juu ya visiki, maana moto huviua. Machipukizi yakitoka mengi, bakiza mawili au matatu yenye nguvu, mengine yaondoe. Mwaka wa kwanza zuia mbuzi na moto. Katika shamba jipya la miti, panda mihogo au kunde katikati ya mistari mpaka kivuli kifunge, ili usikae na njaa ukingoja kuni. Na mkaratusi usipandwe kando ya chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Maji ndiyo neno letu la mwisho. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Vilima vikibaki uchi, mvua hushuka kwa hasira, na wa Jangwani hulala majini. Sehemu ya maji ya Ruvu husafishwa hapa Mlandizi kabla ya kwenda mjini. Kwa hiyo hatulindi miti kwa kupenda kivuli tu.

Ndugu zetu, Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Haki hiyo isipotumiwa ni karatasi tupu. Kila tawi na liulize katika mkutano wa kijiji: msitu wetu uko wapi, mpaka wake ni upi, nani anakata, na ushuru unakwenda wapi? Na kila mmoja wetu, atakapopita shambani kesho, asikipige teke kisiki. Akipalilie.