Nyumba ya Kinyonga: Ndani au Nje?

Ninyi mliokaa darasani na karatasi hii mkononi, someni pole pole. Mwalimu atawangoja.

Leo twazungumza juu ya kinyonga na nyumba yake. Najua wengine wameanza kuguna. Watu wengi humwogopa mnyama huyu. Husema ana sumu, tena ni mkosi. Kinyonga hana sumu. Ukimshika vibaya atakuuma kidogo, basi. Lakini wako watu wapendao kumfuga, na wengi wao humwua bila kukusudia, kwa sababu ya nyumba mbaya.

Kabla ya kutafuta mbao na misumari, jueni kwamba kinyonga ni mnyamapori. Iko Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Usimkamate wala usimfuge mpaka umepata kibali. Zamani vinyonga wa milima yetu ya Uluguru waliuzwa hata ng'ambo. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Sasa tuulize: ni kinyonga gani? Hapa ndipo watu wanapokosea. Yuko kinyonga wa bondeni, yule tunayemwona katika vichaka na mashamba. Yeye amezoea joto. Yuko na kinyonga wa mlimani. Mmoja wao, dume lake lina pembe tatu usoni, naye hukaa juu katika msitu wenye ukungu. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya bahari. Kilele cha Bondwa, kinachotutazama kutoka juu, chazidi mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Basi ukimleta kinyonga wa mlimani mjini, ni kama kumtoa mtu penye baridi na kumweka karibu na tanuri. Hata umjengee kizimba kizuri namna gani, joto la Morogoro litamsumbua. Huyo mwacheni mlimani kwake. Maneno yafuatayo ni ya yule wa bondeni.

Wengi hupenda sanduku la kioo, kwa kuwa lapendeza sebuleni. Mimi silipendi. Kioo hushika joto, na hewa haipiti. Tena kinyonga hujiona humo, akadhani ni kinyonga mwingine amekuja kumpokonya mahali pake. Hukasirika na kubadilika rangi kutwa nzima. Kuna na jambo la tatu. Mwili wake hutumia jua kutengeneza vitamini D, inayoimarisha mifupa. Nguvu hiyo ya jua haipiti katika kioo. Mmepata kuona mtoto mwenye matege? Kinyonga naye hupindika miguu vivyo hivyo.

Kizimba cha nje ndicho bora kwa nchi yetu. Tengenezeni fremu ya mbao, yenye kimo cha mtoto wa miaka sita au zaidi, maana kinyonga hupanda juu, hatembei sana chini. Zungusheni wavu wenye matundu madogo, usiokwaruza miguu. Kiwekeni chini ya mwembe, mahali ambapo jua la asubuhi hufika na jua la mchana halifiki. Ndani tieni matawi membamba na mti mbichi katika kopo la udongo. Jike lahitaji udongo mwingi zaidi, kiasi cha shubiri mbili kwenda chini, kwani huchimba ili atage mayai. Asipopata pa kuchimba, mayai humkwama tumboni, akafa.

Maji msimtilie katika sahani. Hayaoni. Yeye hulamba umande majanini. Toboeni kopo tundu dogo, mliweke juu ya kizimba, maji yadondoke tone tone juu ya majani.

Halafu siafu! Kinyonga aliye mtini aweza kukimbia, ingawa kwa mwendo wake ule. Aliyefungiwa hawezi, siafu wakiingia usiku, asubuhi mtakuta mifupa. Kila mguu wa kizimba usimame ndani ya kopo la maji yaliyotiwa mafuta ya taa kidogo, na matawi ya nje yasiguse wavu.

Na ndani ya nyumba? Yafaa wakati wa mvua nyingi, au kinyonga akiwa mgonjwa. Tumieni kizimba kile kile cha wavu, karibu na dirisha lililo wazi, mbali na moshi wa jikoni. Kila siku mtoeni nje kidogo apate jua. Wala msiwaweke wawili pamoja, watapigana.

Zoezi la wiki hii. Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, muifunike, muiweke juani nusu saa. Kando yake wekeni kikapu kilichofunikwa. Kisha ingizeni mkono katika kimoja, halafu katika kingine. Andikeni mlivyoona, mistari mitatu, mmpe mwalimu. Wiki ijayo tutasema juu ya chakula chake: panzi, nzi na mende.