Mafuta Yakimwagika Hayajui Mpaka

Tarehe 3 Juni, 1979, kisima cha mafuta cha Ixtoc 1 kililipuka baharini upande wa Meksiko. Juu ya kichwa cha kisima palikuwa na mtambo wa kuzuia mlipuko, wenye visu vya kukata bomba na kufunga shimo. Saa ya hatari visu hivyo vilikutana na sehemu nene ya bomba, vikashindwa kuikata. Kabla ya Agosti kwisha, mafuta yalikuwa yamefika pwani ya Texas, nchini Marekani. Kisima kilizibwa Machi 1980.

Katika ghuba hiyo hiyo, safari hii upande wa Marekani, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka tarehe 20 Aprili, 2010. Watu 11 walipoteza maisha, na mafuta yalimwagika kwa siku 87. Hapo napo visu vilikuta bomba limepinda, visiweze kuziba kisima.

Fundisho ni moja: kifaa kijaribiwe kwa hali mbaya kabisa kitakayokutana nayo. Nchini Marekani, shinikizo likizidi ratili 15,000 kwa inchi ya mraba, au joto likifika nyuzi 177 za Sentigredi, masharti huwa makali zaidi. Vali, vichwa vya visima na sili za kuziba viungo hupandishiwa na kushushiwa joto na shinikizo mara nyingi, kwa kuwa chuma hutanuka na kusinyaa, na hapo ndipo uvujaji huanzia. Wakaguzi wa kujitegemea huhakiki hesabu na majaribio. Mradi wa Anchor, ulioanza kutoa mafuta Agosti 2024, unatumia vifaa vya ratili 20,000.

Jambo hili halipo mbali nasi. Msumbiji ilianza kusafirisha gesi ya bahari ya kina kirefu mwaka 2022, na bahari yake inapakana na ya Tanzania, ambayo nayo imegundua gesi yake. Hata pale shinikizo lisipofikia viwango hivyo, kanuni haibadiliki.

Askari hakubali kwenda lindoni na bunduki ambayo haijakaguliwa, hata kama ina cheti cha kiwanda. Nchi jirani nazo zionyeshane matokeo ya majaribio kabla kisima hakijachimbwa. Ajali ikitokea, wa kwanza kupelekwa pwani ni walinzi wa nchi, wa pande zote mbili za mpaka.