Kitanda Kimoja, Watoto Watatu: Uadilifu Mbele ya Uhaba

Darsa ya Ramadhani, baada ya sala ya alasiri

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu zetu waumini, akina baba na akina mama. Leo tumekusudia kulizungumzia jambo linalotufikia kwa simu, aghalabu usiku. Mtoto wa ndugu yetu yuko hospitali huko nyumbani, kifua kimembana, na chumba cha wagonjwa mahututi hakina nafasi. Kisha hufuata ombi: "Wewe uko Uingereza, unajuana na watu, mpigie fulani azungumze na daktari mkuu." Sheria inaturuhusu kufanya nini hapo, na inatukataza nini?

Kwanza tufahamu anachokifanya daktari. Shirika la Afya Duniani limeweka utaratibu wa kuwapanga watoto wanaofika hospitali katika makundi matatu: wenye dalili za dharura, wanaostahiki kipaumbele, na wanaoweza kusubiri. Dalili za dharura ni kama vile njia ya hewa kuziba, kupumua kwa taabu kubwa, ulimi kugeuka buluu, mikono ya baridi pamoja na mapigo dhaifu ya haraka, kupoteza fahamu na degedege. Mtoto wa namna hii hutibiwa papo hapo. Wa kundi la pili, kama kichanga asiyetimiza miezi miwili, aliyeungua vibaya au mwenye utapiamlo mkali, hutangulizwa. Wengine husubiri zamu yao.

Tusiudharau utaratibu huu. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, ulipoanzishwa pamoja na kuimarishwa huduma ya dharura, vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya asilimia 6 na 8, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Kenya nayo iliyachukua mafunzo hayo na kuyapanua. Basi mwenye kuuvuruga mpango huu anagusa roho za watoto.

Ugumu huzidi pale kitanda kinapobaki kimoja na watoto ni watatu. Daktari hutazama mambo mawili: nani hatapona asipokipata, na nani anatarajiwa kunufaika nacho. Anayetoshelezwa na oksijeni ya puani hubaki wodini. Na yule ambaye mashine haitarajiwi kumrejesha hatupwi. Hutulizwa maumivu, na wazazi wake wakawa karibu naye. Haiulizwi ni mtoto wa nani.

Wanazuoni wetu wameihesabu hifadhi ya nafsi kuwa miongoni mwa makusudio matano ya sheria, na wakaweka kanuni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Maana yake, mtoto aliyekwisha kuunganishwa na mashine, na bado inamfaa, haondolewi ili awekwe wa kwetu. Na Suratun-Nisaa, katika aya ya 135, inatuamrisha kuusimamia uadilifu ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa zetu, akiwa mtu ni tajiri au ni maskini.

Je, kila shafaa imekatazwa? La. Aya ya 85 ya sura hiyohiyo inatofautisha shafaa njema na shafaa mbaya, na kila mmoja atapata fungu la aliyoifanya. Shafaa njema ni kuulizia hospitali nyingine yenye nafasi, kulipia gari la wagonjwa, kumwomba bingwa ushauri, na kuomba mtoto apimwe upya, kwani hali ya mtoto hubadilika kwa muda mfupi. Shafaa mbaya ni kutumia cheo, undugu au bahasha ili mwenye haja kubwa zaidi arudishwe nyuma. Bahasha hiyo ni rushwa, hata tukiiita chai. Usama bin Zayd alikuwa kipenzi cha Mtume (s.a.w.), lakini alipomwombea mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum asiadhibiwe kwa wizi, Mtume alikasirika, akabainisha kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwachia mkubwa na kumwadhibu mnyonge.

Tunajua mtasema: "Sheikh, mtoto akiwa wako, uadilifu utaukumbuka wapi?" Ni kweli, na hatumlaumu mzazi anayelia. Ndiyo maana tunalisoma jambo hili sasa, nyoyo zikiwa zimetulia kwa saumu. Tukumbuke kwamba katika ukumbi uleule ameketi mama mwingine, na mtoto wake anahema vilevile. Tofauti yake na sisi ni kwamba hana jamaa ng'ambo wa kumpigia simu. Simu yetu isiwe ndiyo hukumu ya mwanawe.

Lakini haitoshi kuugawa uhaba kwa haki, yatupasa kuupunguza. Mtoto akiwahiwa na oksijeni wodini, huenda asihitaji mashine kabisa. Basi sadaka zetu za mwezi huu tuzielekeze kwenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mitungi, vipuri vyake na malipo ya fundi. Tuiulize hospitali kabla ya kununua, kwa sababu mashine isiyo na fundi wala umeme wa uhakika huishia stoo. Ama zaka, ina wenyewe wanane waliotajwa katika Qur'ani. Mzazi fakiri aliyelemewa na gharama za matibabu ni katika wanaoistahiki, apewe mkononi mwake. Vifaa vya hospitali tuvitoe katika sadaka au wakfu, tusiingie katika khitilafu za wanazuoni.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu na watoto wa wasiokuwa na wa kuwasemea. Wape madaktari uadilifu na subira, na utukinge tusiwe sababu ya dhulma kwa jina la huruma. Amin. Wa akhiru daawana anil-hamdu lillahi Rabbil-alamin.